Vifaa vya kubandulia vibao vya mpini wa kisu: kipi kinafaa, kipi kinaharibu

Mpini wa vibao viwili kwenye kisu kilichofuliwa kwa mkono hushikiliwa na vitu viwili kwa pamoja. Kuna gundi, ambayo siku hizi mara nyingi ni epoksi ya kuchanganya mirija miwili, na kuna pini, riveti au bolti zinazopenya kibao cha kushoto, msuka, kisha kibao cha kulia. Msuka ni ile sehemu ya chuma cha kisu inayoingia kwenye mpini. Vibao vikipasuka, vikipinda kwa unyevu au vikiachana na msuka na kuanza kuingiza maji, havina budi kutoka, na hapo ndipo visu vizuri huharibiwa: ncha hupoteza matiko, yaani ugumu wake, kwa joto, msuka hupinda kwa kukongolewa kwa bisibisi, na matundu hupanuliwa na biti ya drili iliyokwenda mrama.

Hukumu yetu itangulie: toa pini kwanza kisu kikiwa baridi, kisha ndipo ulete joto. Wengi hufanya kinyume. Hupasha mpini mpaka gundi ilegee, vibao vikigoma huchukua drili, na pini ambayo sasa haishikiliwi na kitu huanza kuzunguka pamoja na biti. Pini inayozunguka haitoboki. Inasugua tundu la kibao, inachoma mbao, na kama ni ya chuma kigumu inapanua tundu la msuka pia. Gundi baridi ndiyo jiliwa bora ya kushika pini wakati wa kutoboa, na ni ya bure.

Kwanza ujue unatoa nini

Kabla ya kupima kifaa chochote, angalia vichwa vya pini kwa lenzi na mwanga wa pembeni. Duara moja la shaba njano lenye kipenyo cha milimita 3 hadi 6, likiwa na mstari mwembamba mweusi kulizunguka, kwa kawaida ni pini iliyonyooka inayoshikiliwa na gundi tu. Huo mstari mweusi ni gundi yenyewe. Duara likiwa limebana kwenye mbao bila mwanya wowote, na pengine si duara kamili, basi pini imegongwa kichwa: ncha zake zimepanuliwa kwa nyundo ndani ya tundu lililopanuliwa mdomo, kisha zikasawazishwa kwa tupa. Pini hiyo haitoki kwa panchi hata upige namna gani, na ukizidi kupiga utapasua kibao.

Duara la milimita 6 hadi 8 lisilo na mapambo linaweza kuwa bolti ya Corby. Hii ni ya vipande viwili, dume na jike, vinavyofungana kwa hesi ndani ya mpini, na kila kipande kina bega linalokalia ngazi iliyochimbwa ndani ya kibao. Bolti ya Loveless huonekana kama duara ndani ya duara, kwa sababu ni nondo nyembamba yenye hesi iliyovalishwa nati kila upande, mara nyingi nati ikiwa ya rangi tofauti na nondo. Riveti ya kubana ya visu vya jikoni nayo ina dume na jike, lakini haina hesi; dume limeshindiliwa kwa nguvu ndani ya jike, na kichwa chake ni kipana na chembamba. Pini ya mapambo, ile yenye maua ya vijiti vidogo ndani ya mrija, karibu kila mara hushikiliwa na gundi peke yake kwa sababu ikigongwa kichwa mapambo huvurugika.

Kuna pia pini za siri ambazo hazifiki juu ya kibao. Kisu kisichoonyesha pini hata moja kisikudanganye. Kibao kikianza kuachia lakini kikakataa kuteleza upande, usilazimishe: kiinue moja kwa moja kwenda juu, kwa sababu pini ya siri inakishika kisiteleze na ukilazimisha inachana mbao kutoka ndani.

Drili ya mezani: kifaa cha kwanza

Kwa pini zilizogongwa kichwa, bolti na riveti, hakuna kinachoshinda drili ya mezani yenye kizuizi cha kina. Drili ya mkono tunaipa alama ya chini kabisa katika kazi hii. Sababu ni hii: pini ni ngumu kuliko mbao inayoizunguka, kwa hiyo biti ikiinama hata kidogo itatafuta njia rahisi na kuingia kwenye mbao. Ikishaingia haitarudi. Mkono hauwezi kuizuia. Mashine iliyosimama wima inaweza.

Ugumu wa kutumia drili ya mezani ni kukilaza kisu. Vibao vina mviringo, na ukikilaza kwa tumbo la kibao kinayumba. Usikipime kwa kibao. Funga ubapa wa kisu, karibu na mpini, juu ya kipande cha mbao iliyonyooka kwa kibano, kisha weka kabari chini ya mpini mpaka msuka uwe sambamba na meza. Ubapa ukiwa umenolewa kuanzia mgongoni hadi makalini, hata hapo hauko bapa; ingiza karatasi ngumu upande wa makali hadi ulingane. Kabla ya yote haya, makali na ncha vifunikwe kwa karatasi ngumu mikunjo miwili na tepu. Kisu kikinaswa na biti huzunguka nayo, na kisu kinachozunguka bila ala ni ajali mbaya.

Tia alama katikati ya pini kwa senta panchi. Anza na biti ya milimita 2, ingia milimita 2 au 3 tu, ukague kama uko katikati, kisha panda kwenye biti iliyo ndogo kuliko pini kwa milimita 0.2 hadi 0.5. Pini ya inchi 1/8, yaani milimita 3.2, inataka biti ya milimita 3. Ya inchi 3/16, yaani milimita 4.8, inataka 4.5. Ya inchi 1/4, yaani milimita 6.35, inataka 6. Ule ukuta mwembamba unaobaki hukunjika wenyewe ndani au huvutwa kwa koleo ndogo, na tundu la kibao halijaguswa.

Kina ndicho kinachowaponza wengi. Kichwa kilichogongwa hupanuka kwenye milimita 2 za juu hivi. Ukishatoboa milimita 3 hadi 4 upande mmoja, pini imekuwa mwiba usio na kichwa na itatoka kwa panchi kupitia upande wa pili. Hakuna haja ya kufika kwenye msuka. Mafundi wengine hutia matiko kisu kizima hadi kwenye msuka, na chuma chenye ugumu wa 58 hadi 60 kwa kipimo cha Rockwell C kitaua makali ya biti ya kawaida mara moja, au kitaivunjia ndani ya tundu. Weka kizuizi cha kina. Kama mashine haina, zungusha tepu kwenye biti.

Shaba njano ina tabia ya kunasa biti na kuivuta chini kwa ghafla. Dawa yake ni kusugua kidogo kingo za kukata za biti kwa jiwe la kunolea, ziwe bapa kwa upana wa unywele, ili zikwangue badala ya kuchimba. Mizunguko 1,000 hadi 1,500 kwa dakika inatosha. Pini ya chuma kisichoshika kutu inataka kinyume: biti kali, mafuta ya kukatia, mizunguko 600 hadi 900, na mkandamizo usiokatika. Ukiiacha biti isugue bila kukata, chuma hicho hukomaa na kuwa kigumu zaidi palepale.

Bolti ya Corby inatolewa kwa kuchimba kichwa mpaka kwenye bega, si kwa kutoboa bolti nzima. Bega kwa kawaida liko milimita 3 hivi juu ya msuka. Biti ikifika hapo kichwa huachia, na kibao cha upande huo hakina tena kinachokibana isipokuwa gundi. Rudia upande wa pili. Ikianza kuzunguka, acha drili. Chonga mfereji mpya juu ya kichwa kwa kisahani kidogo cha kukatia cha Dremel, ile mashine ndogo ya mkono, chonga na upande wa pili, kisha ifungue kwa bisibisi mbili. Mifereji ya asili ilisagwa fundi alipokuwa akisawazisha mpini. Ya Loveless ni rahisi kidogo kwa sababu nati ni laini na nondo inabaki inakuongoza. Riveti ya kubana ndiyo nyepesi kuliko zote: ukichimba kichwa kidogo tu hutoka kama pete bapa ya bolti, na shina linagongwa nje.

Mrija wa kupitishia kamba ukiwa umekunjwa midomo, kata mdomo kwa biti ya koni mpaka ukunjo uishe, usiuzamishe zaidi.

Panchi na pasi ya kulehemu

Panchi inayofaa ni ile iliyonyooka unene mmoja kutoka juu hadi chini, nyembamba kuliko pini kwa milimita 0.2 au 0.3. Panchi ya koni haifai hata kwa dharura. Inaingia kwenye tundu ulilochimba, inaipanua pini kutoka ndani, na kila pigo linazidi kuikaza. Nyundo ya gramu 200 hadi 300 inatosha. Ikiwa inahitajika kubwa zaidi, ujue kuna kichwa hujakimaliza kuchimba.

Chini ya kisu weka kipande cha mbao ngumu chenye tundu la milimita 8, na tundu hilo liwe moja kwa moja chini ya pini. Hili halina mjadala. Pini ikitoka bila egemeo kuizunguka, hubeba kipande cha kibao pamoja nayo upande wa pili, na hilo ndilo kovu linaloonekana kwenye mipini mingi iliyorudishwa vibaya.

Kwa pini zilizonyooka na zile za mapambo, ambazo hazina kichwa, hapa ndipo kanuni yetu ya baridi kwanza inapolegezwa. Hizi huhitaji gundi ya tunduni tu ilegee, na pasi ya kulehemu ya wati 60 hufanya hivyo vizuri ajabu. Egemeza ncha yake pana juu ya pini kwa dakika 3 hadi 5, ukiwa umeweka tone la risasi ya kulehemia katikati ili joto lipite. Joto linashuka kwa pini yenyewe na kulainisha gundi inayoizunguka, huku kibao kikibaki baridi. Gonga kwa panchi mara moja kabla haijapoa. Shaba njano inapitisha joto mara 7 hivi kuliko chuma kisichoshika kutu, kwa hiyo kwenye pini za chuma hicho njia hii ni ya kusuasua na hatuipendekezi. Pini ya mapambo usiichimbe kamwe kwa drili kama unaweza kuikwepa: vijiti vya ndani hung'oka kimoja kimoja na kunasa biti.

Joto: lipite kwenye chuma, si kwenye mbao

Epoksi nyingi zinazokaukia kwenye joto la chumba huanza kulegea kati ya nyuzi 50 na 70 za Selsiasi, na ukifika 120 hadi 130 huwa kama mpira. Kwa hiyo halihitajiki joto kubwa. Kinachohitajika ni kulifikisha mahali gundi ilipo, na gundi iko katikati, imelala juu ya chuma. Mbao ni kizuizi cha joto. Ukipulizia kibao kwa juu, uso wake utaungua wakati gundi chini yake bado ni ngumu. Elekeza joto kwenye kingo za msuka zinazoonekana mgongoni na tumboni mwa mpini, na chuma kitalibeba hadi ndani.

Upande wa pili wa hesabu ni matiko. Visu vingi vya chuma cha kaboni hurudishwa motoni baada ya kuzimwa kwa joto la nyuzi 175 hadi 230, na makali yake hubaki salama mradi usivuke joto hilo. Rangi ya majani makavu ikianza kuonekana kwenye chuma kilichosuguliwa, umefika nyuzi 200 na ushee. Rangi ya buluu ni karibu 300, na hapo makali yamekwisha. Tunaweka mpaka wetu kwenye nyuzi 150 kwa sehemu yoyote ya ubapa, na ncha ndiyo ya kuogopewa zaidi kwa sababu ni nyembamba na hupata moto haraka.

Kati ya vifaa vya joto, tunaiweka oveni mbele ya blowa, ingawa blowa ndiyo inayopendwa. Oveni ndogo isiyotumika kwa chakula, nyuzi 120 hadi 130, dakika 20 hadi 30, hupasha msuka wote sawasawa na si rahisi ivuke mpaka kwa bahati mbaya. Kasoro yake ni kipimajoto chake cha ndani, ambacho hupanda na kushuka sana kila inapowaka na kuzima. Weka kipimajoto cha pili karibu na kisu, wala usikilaze kisu karibu na waya za moto. Kisu kikitoka una dakika moja au mbili za kufanya kazi, kisha kirudi ndani kwa dakika 10. Fungua madirisha, maana epoksi inayopashwa hutoa moshi usiofaa kuvutwa.

Blowa ya hewa moto ni nzuri kwa anayejua kuitawala. Iweke nyuzi 200 hivi, isizidi, umbali wa sentimita 10 hadi 15, na mkono usisimame mahali pamoja. Funga kitambaa chenye maji kwenye ubapa mbele ya mpini, na ukilowanishe tena kila kinapoanza kukauka. Wengi hutumia kipimajoto cha miale kukagua chuma, na hapa kuna mtego: chuma kinachong'aa hukidanganya kifaa hicho kisome chini sana kuliko ukweli. Bandika kipande cha tepu ya karatasi juu ya chuma na upime hapo. Huna kipimajoto? Dondosha tone la maji kwenye ubapa karibu na mpini. Likitulia na kutoa mvuke polepole, endelea. Likichemka na kurukaruka umevuka 100, na ni wakati wa kupumzisha.

Maji ya kuchemka hudharauliwa bila haki. Hayawezi kamwe kuvuka nyuzi 100, kwa hiyo matiko yako salama hata ukisahau. Zamisha mpini peke yake kwa dakika 30 hadi 60 na epoksi za kawaida zitalegea. Ni chaguo letu la kwanza kwa yeyote asiyejiamini na joto, kwa sharti kwamba vibao havihitajiki tena, maana mbao hufura na kupasuka, na kwamba kisu cha chuma cha kaboni kitakaushwa na kupakwa mafuta papo hapo kikitoka. Kutu huanza kabla hujamaliza kutafuta kitambaa.

Tochi ya gesi haifai. Mwali wake una joto mara nyingi zaidi ya linalohitajika, na hakuna kitambaa cha maji kitakachookoa kisu chembamba.

Kuingiza wembe bila kukongoa

Gundi ikishalegea, kazi ni kutenganisha, si kukongoa. Tumia skrepa nyembamba iliyonolewa, unene wa milimita 0.3 hadi 0.5, upande wake bapa ukitazama msuka. Anzia kitakoni mwa mpini au mgongoni. Ukianzia mbele, mkwaruzo wowote utaingia kwenye ubapa na utaonekana daima. Gonga kidogo kidogo, milimita 5 kwa mara, kisha ingiza kipande cha bati jembamba kwenye mwanya ulioupata ili gundi isishikane tena ikipoa. Pasha tena. Gonga tena.

Usiinue skrepa kama wenzo. Kibao huvunjika palepale penye tundu la pini, ambapo ndipo dhaifu kuliko pote, na msuka uliotobolewa matundu mengi ya kupunguza uzito unaweza kupinda. Msuka uliotiwa matiko kikamilifu haupindi, unavunjika.

Mara nyingi kingo zote huachia lakini katikati panashika kama palipigwa msumari. Sababu ni matundu ya ziada ambayo fundi mzuri hutoboa kwenye msuka ili gundi ipite na kuunganisha vibao viwili kama nguzo. Hapo pini zote zimekwisha kutoka lakini bado kuna riveti za epoksi ndani. Nguvu haisaidii. Rudisha joto dakika 10 zaidi, kisha pitisha skrepa ndefu sambamba na msuka na uzikate nguzo hizo zikiwa laini. Kama kati ya kibao na chuma kuna karatasi ngumu ya faiba ya rangi, una bahati: faiba huchanika kwa matabaka, na wembe ukipita ndani yake vibao vyote viwili hutoka vizima.

Epoksi ya kijivu cheusi yenye chembe za chuma, kama J-B Weld, ni habari nyingine. Watengenezaji wake huitaja kuvumilia hadi nyuzi 287, kwa hiyo joto salama kwa kisu huenda lisiilegeze vya kutosha. Ukiikuta, kata tamaa na vibao mapema ili uokoe chuma.

Friza, asetoni na vichubua rangi

Friza ya nyumbani hufika nyuzi 18 chini ya sifuri. Kisu kikilala humo usiku kucha, epoksi ya kukauka dakika 5, ambayo kwa asili ni dhaifu na yenye kuvunjika, hupasuka kwa pigo moja kali la kipande cha mbao kwenye ukingo wa kibao. Epoksi inapopoa husinyaa mara 4 au 5 kuliko chuma, na mvutano huo ndio unaokusaidia. Epoksi zilizotengenezwa ziwe na unyumbufu, kama G/flex ya West System ambayo mafundi wengi wa visu huitumia, hazijali baridi hiyo. Kwa vibao vya mfupa, pembe au lulu ya chaza, ambavyo joto huvipasua au kuvipinda, friza ndiyo ya kujaribu kwanza. Ila ubapa usigongwe ukiwa baridi hivyo.

Asetoni huyeyusha gundi ya papo hapo, ile ya matone, ukiiloweka kwa saa kadhaa. Epoksi haiyeyushi, huifurisha tu baada ya siku nyingi, na wakati huo huo inaharibu akriliki na mng'ao wa vibao. Mvuke wake huwaka hata kwenye baridi kali, kwa hiyo chumba chenye asetoni kisiwe na blowa wala pasi. Vichubua rangi vyenye dikloromethani ndivyo vinavyolainisha epoksi kweli, lakini ni sumu inayoweza kuua katika chumba kisicho na hewa, na Marekani ilivipiga marufuku kwa watumiaji wa kawaida mwaka 2019. Hatuvipendekezi kwa kisu chochote.

Vibao visipohitajika: patasi

Kama vibao vinatupwa, sahau nusu ya yaliyotangulia. Funga kisu kwenye jiliwa yenye midomo ya mbao, chana kibao kwa msumeno kila baada ya sentimita moja hadi karibu na msuka bila kuugusa, kisha pasua vipande kwa patasi ukifuata nyuzi za mbao. Mpingo na jamii yake, wenye mafuta mengi, huachia kirahisi kwa sababu epoksi haiushiki vizuri. Pini zikibaki zimesimama uchi, zikate na kuzigonga nje.

Micarta na G10, vibao vya matabaka ya kitambaa au nyuzi za kioo yaliyogandishwa kwa resini, hazipasuki hivyo. Hizo zisagwe kwa mashine ya msasa wa mkanda, msasa namba 36 au 60, ukichovya kwenye maji kila sekunde chache maana pini huvuta joto moja kwa moja hadi kwenye msuka. Vaa barakoa ya FFP3, ile ya kuchuja vumbi laini. Vumbi la G10 ni nyuzi za kioo, na vumbi la mbao ngumu za mapambo huwasha ngozi na mapafu. Barakoa ya kitambaa haitoshi hapa.

Msuka ukishakuwa wazi

Gundi iliyobaki hutoka kwa wembe wa skrepa chuma kikiwa na joto la nyuzi 80 hivi; ikipoa inakuwa kazi ya tupa. Kisha msasa namba 120 juu ya kioo au jiwe bapa, si kwa kidole, maana kidole huzungusha kingo na vibao vipya vitaacha mwanya. Kagua kutu iliyojificha. Vishimo vidogo vilivyotawanyika havina madhara, lakini kutu iliyokula ukingo wa tundu la pini ichunguzwe kwa lenzi, kwani nyufa huanzia hapo. Usipanue tundu ili kuondoa kutu. Ukilazimika kutoboa msuka mgumu, ni biti ya kabaidi peke yake itakayokata.

Gundi iliyojaa ndani ya matundu itoe kwa kuzungusha biti ya kipenyo kilekile kwa vidole, bila mashine. Pitisha pini mpya kwenye kila tundu kabla ya kukata vibao vipya: ikiingia kwa kusukumwa na kidole gumba tundu liko sawa, ikikwama kuna gundi bado, na ikicheza, andaa pini yenye kipenyo cha hatua moja zaidi. Mwisho futa kwa asetoni, blowa ikiwa imezimwa na imepoa, na usishike msuka kwa mkono mtupu hadi gundi mpya ipakwe.